Fundi chuma, ndege wa kichwa cha nyundo: tumjue mbele ya kumufukuza



Kila mtu aliyekulia karibu na mto, mfereji wa mpunga ao bwawa la samaki alishamuona huyu ndege, hata kama hajui jina lake. Ni ndege wa rangi ya udongo, anasimama mu maji kidogo, peke yake ao wawili, na kichwa chake kinafanana kabisa na nyundo. Kwa Kiswahili anaitwa fundi chuma. Kwa Kifaransa ni ombrette, na jina lake la sayansi ni Scopus umbretta. Mu lugha zetu za nyumbani kila mahali kuko jina lake, na mara mingi jina lile linakuja pamoja na hadisi ya kuogopesha.

Nimechagua kumuongelea kwa sababu hii: siku hizi vijana wengi wanamaliza masomo, hawapati kazi, wanaungana watatu ao wane, wanachimba bwawa la samaki. Na fasi yote bwawa linachimbwa, fundi chuma anafika. Hachukui hata muda mrefu. Kisha maneno inaanza: "Huyu ndege atatumalizia samaki." Mumoja anatafuta manati, mwengine anatafuta sumu. Na mutu wanaita kuja kutoa shauri ni sisi tuliosoma agronomi. Sasa, utatoa shauri gani juu ya mnyama hujui anakula nini?

Kwa hiyo tuanze kwa kumuangalia vizuri.

1. ANAFANANA NAMNA GANI

Fundi chuma ni ndege wa ukubwa wa katikati. Toka mdomo mpaka mkia iko na santimetre 47 mpaka 56, lakini uzito wake hauvuke sana nusu kilo. Ukimulinganisha na kuku wa kienyeji, yeye ni mwepesi zaidi. Manyoya yake yote ni kahawia, na kwenye mgongo, jua likipiga, unaona mungao kidogo wa zambarau. Kwenye mkia kuko mistari ya kahawia ya kiza. Dume na jike wanafanana kabisa. Kwa macho tu huwezi kusema huyu ni bwana, huyu ni bibi.

Kinachomutambulisha ni kichwa. Mbele kuko mdomo mweusi wa karibu santimetre 8, umebanwa pembeni na kwenye ncha umekunjama kidogo. Nyuma kuko kishungi cha manyoya kinachoelekea mgongoni. Mdomo huku, kishungi kule, katikati kichwa: njo nyundo yenyewe. Wazungu wa Afrika ya Kusini walimuita hamerkop, maana yake ni hii hii, kichwa cha nyundo. Na wasemaji wa Kiswahili wakaona mutu anayefanya kazi na nyundo, wakamuita fundi chuma. Watu wa mbali, wasiojuana, waliangalia ndege mumoja na wakafikiri kitu kimoja.

Miguu ni myeusi, na kwa ndege wa maji si mirefu. Hili tulishike vizuri, litatusaidia tukifika kwenye mabwawa. Vidole vyake viko na ngozi kidogo katikati, si kama ya bata, ni nusu tu. Na ukucha wa kidole cha katikati uko na meno kama kitanuo, sawa na ule wa koikoi. Ndege anautumia kwa kusafisha manyoya.

Akiruka, mabawa yake ni mapana na anayapiga polepole. Hakunji shingo kabisa kama yangeyange, na hainyooshi kabisa kama korongo. Iko katikati.

2. NI NDUGU YA NANI?

Kwa muda mrefu wataalamu walishindwa kumuweka mu kikundi. Miguu inasema korongo, ukucha unasema koikoi, kishungi hakisemi kitu. Mpaka leo iko peke yake mu jamaa yake, ile wanaita Scopidae: jamaa moja, aina moja, basi. Uchunguzi wa damu na chembe za urithi njo ulikuja kuonyesha ndugu zake wa karibu: mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo tunayemuona kwenye ziwa Édouard, na yule ndege mkubwa wa mdomo kama kiatu cha mbao, bec-en-sabot, anayeishi mu vinamasi vya Upemba kule Katanga.

Ndugu hawa wawili ni wakubwa sana na wanachagua sana fasi ya kuishi. Bec-en-sabot, ukimuharibia kinamasi chake, amekwisha. Fundi chuma alichukua njia ingine: alibaki mudogo, na akajifunza kuishi fasi yote yenye maji. Njo maana yeye hajawekwa kwenye orodha ya ndege wenye kuwa karibu kuisha duniani, lakini ndugu yake amewekwa.

3. ANAISHI FASI GANI

Anapatikana karibu Afrika yote iliyo chini ya jangwa la Sahara, toka Senegali mpaka Afrika ya Kusini, pia Madagascar, na ngambo ya Bahari Nyekundu kule Yemeni. Kule pwani ya Afrika ya Mangaribi, toka Sierra Leone mpaka Nigeria, wako wadogo zaidi na rangi yao ni ya kiza zaidi. Wa kwetu ni wale wa kawaida.

Anaomba vitu viwili tu: maji ya kidogo yenye viumbe ndani, na muti ao jabali la kujengea nyumba. Ukimupa hivi viwili, atakaa. Kandokando ya mto, ukingo wa ziwa, kinamasi, mfereji, shamba la mpunga, shimo walipochimba udongo wa matofali na mvua ikajaza, zote kwake ni nyumbani. Anapanda hata kwenye milima, mpaka karibu metre 3000 juu ya bahari. Wakati watu wanajenga barazi ao wanachimba mifereji fasi ilikuwa kavu, yeye ni mumoja wa ndege wa kwanza kuingia.

Hapendi kusafiri kama wale ndege wanaokuja toka Ulaya wakati wa baridi. Wawili wakishapata fasi yao, wanabaki pale mwaka mzima. Mvua ikianza wanaweza kusogea kidogo kufuata madimbwi mapya, kisha wanarudi.

Hii ina maana gani kwa mwenye bwawa? Fundi chuma unayemuona leo asubuhi ni yule yule wa jana, na ni yule yule wa mwaka uliopita. Ni jirani, si mpita njia. Na kama umemuua, fasi yake haibaki wazi muda mrefu kama maji na chakula bado viko, mwengine atakuja.

4. ANAKULA NINI, NA NAMNA GANI

Hapa njo kiini cha maneno.

Mu shule tulifundishwa: angalia mdomo, utajua chakula. Mdomo wa ndege mwenye kula nafaka ni mufupi na munene, kwa kuvunja mbegu. Mdomo wa fundi chuma hauwezi kupasua hata punje moja ya mpunga. Kwa hiyo mkulima mwenye kumufukuza mu mpunga pamoja na ndege wadogo wa makundi anamuonea bure. Ukimuona mu mpunga, hajafuata mpunga. Amefuata maji.

Chakula chake kikubwa ni vyura na samaki wadogo. Mu Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wachunguzi waliona kama anapenda zaidi aina moja ya chura inayoitwa Xenopus, wale vyura laini, wenye kucha kwenye miguu ya nyuma, ambao wanaishi ndani ya maji siku zote na wanajificha mu matope. Anawala wakiwa wakubwa, na anawala wakiwa viluwiluwi, maana yake watoto wa chura wenye mkia. Kule Mali, ambako samaki wadogo ni wengi, waliona kama anakula zaidi samaki. Kumbe si ndege wa chakula kimoja. Anakula kile maji ya fasi ile yanatoa. Akipata kamba wadogo wa mtoni, anakula. Wadudu, anakula. Hata panya mudogo hamuachi.

Sasa namna yake ya kuwinda. Si mutu wa kusimama saa nzima bila kutikisika, kama koikoi. Fundi chuma anatembea. Anaingia mu maji ya kidogo, hatua kwa hatua, na anapeleka muguu mumoja mbele anautikisatikisa mu matope, kisha mwengine. Matope yanavurugika, chura anashituka, anatoka, mdomo unamungojea. Wakati mwengine anafungua mabawa kwa gafula juu ya maji, na kiumbe kilichokuwa kimejificha kinakimbia, kinajionyesha chenyewe. Na kama maji ni ya matope sana, hajali. Anapeleka mdomo ndani na kutafuta kwa kugusa.

Kuko namna ingine ambayo wengi hawajaiangalia vizuri. Anaruka chini chini juu ya maji, akielekea fasi upepo unatokea, miguu ikining'inia, na akiona kundi la viluwiluwi karibu na juu, anashuka, anachota mumoja, anapanda tena bila kutua. Ndege wengi wa kutembea mu maji hawafanye hivyo.

Tena anajua kutumia wengine. Fasi kuko viboko, kama kule mu delta ya Ruzizi ao ziwa Édouard, unaweza kumuona amesimama juu ya mgongo wa kiboko kama mutu juu ya mtumbwi, anangojea kile kiboko atavuruga. Anafuata pia nyati na ngombe wakikula majani, sababu wanashitusha panzi.

Saa za kazi zake ni asubuhi na jioni. Katikati ya siku, jua likiwa kali, anapumzika juu ya muti. Anakula peke yake ao na mwenzake.

5. NYUMBA YA MAAJABU

Hatuwezi kumuongelea fundi chuma bila kugusa kiota chake. Ndege wa nusu kilo anajenga nyumba inayoweza kufika metre moja na nusu kwa upana, na vijiti vinaweza kufika karibu 10.000. Ni ngumu sana: mutu muzima anaweza kusimama juu yake na isianguke.

Wanajenga wawili, bibi na bwana. Kwanza wanapanga sakafu kwenye panda la muti, mara mingi juu ya maji. Kisha kuta, kisha paa. Mlango wanauweka chini, pembeni, santimetre 13 mpaka 18 tu, na kutoka mlangoni kuko njia ndogo ya santimetre 40 mpaka 60 kabla ya kufika chumbani. Ndani wanapakaa matope, kama vile sisi tunapakaa nyumba ya miti. Mvua haiingii, na nyoka ao tai hawezi kuingia kwa urahisi. Kazi yote inaweza kuchukua wiki 10 mpaka 14.

Jike anataga mayai 3 mpaka 7. Wote wawili wanaatamia, karibu mwezi mumoja, siku 28 mpaka 32. Watoto wanatoka mu kiota kisha siku 44 mpaka 50. Na sababu nyumba ni ya nguvu, wazazi wanaweza kuacha watoto peke yao muda murefu na kwenda mbali kutafuta chakula.

Jambo la kushangaza: wanajenga hata wakati hawana mpango wa kutaga. Wawili wanaweza kujenga viota 3 mpaka 5 kwa mwaka. Vile wanaviacha, wengine wanahamia: bundi, bata wa pori, nyuki, kenge, kanu, nyoka. Na ndege wadogo wanashikamanisha vyumba vyao pembeni, kama wapangaji. Muti wenye kiota cha fundi chuma ni kama parcelle kubwa mu mji: mwenye nyumba mumoja, wapangaji wengi. Ukikata muti ule umefukuza jamaa mingi.

6. RADI, UCHAWI NA MAELEZO

Mu sehemu mingi za Afrika watu wanamuogopa. Kule kusini walimuita ndege wa radi: ukivunja kiota chake, radi itapiga nyumba yako. Madagascar walisema mwenye kuharibu kiota atashikwa na ukoma. Na kwetu pia, uliza wazee, utasikia maneno ya karibu na hayo: akilia juu ya nyumba, kuko habari mbaya inakuja.

Sitaki kucheka wazee. Tujiulize hofu hii ilitoka wapi. Fundi chuma, mbali na vijiti, anabebaga kila kitu kwa kupamba kiota: mifupa, vipande vya nguo, ngozi, na siku hizi plastiki. Sasa fikiri mutu amepoteza kipande cha kitenge, kisha anakiona juu ya muti, ndani ya nyumba kubwa ya ndege mudogo, pembeni ya mfupa. Tena usiku bundi anatokea mu kiota kile kile. Bila maelezo ya biolojia, mutu atafikiri nini? Tena kuko desturi yao ya kukusanyika nane ao kumi, kuzungukana mbio, vishungi juu, wakilia kwa nguvu kama watu wenye kugombana, na mumoja anapanda juu ya mgongo wa mwengine bila kuzaana. Ni namna yao ya kuishi mu kikundi, lakini kwa mutu mwenye kupita njia jioni, inatisha.

Hofu ile, hata kama haina ukweli wa sayansi, ilikuwa na kazi: ilimulinda. Hakuna mtoto alithubutu kupanda kwenye kiota. Leo vijana hawaogopi tena radi ya fundi chuma. Ni vizuri kuacha hofu. Lakini kama tunaondoa hofu na hatuweki ujuzi fasi yake, kinachobaki ni manati na sumu.

7. KWENYE MABWAWA: MSHITAKIWA ASIKILIZWE

Tusiseme uongo ili tupendeze watu. Fundi chuma anakula samaki wadogo. Mwenye kutia vifaranga vya tilapia vya santimetre 3 mu bwawa lenye ukingo wa maji ya kidogo, amemuandalia meza.

Lakini tuangalie upande mwengine wa hesabu. Mu bwawa letu kuko vyura wengi. Viluwiluwi wanakula chakula tunachotupa kwa samaki, ile pumba tuliyonunua na pesa. Na vyura wakubwa, zaidi wale Xenopus, wanakula vifaranga vya samaki. Kwa hiyo ndege mwenye kula vyura anakuletea hasara kwa mkono mumoja, na kwa mkono mwengine anakurudishia kitu. Mkono gani ni mkubwa? Inategemea bwawa. Njo maana kazi ya agronomu ni kuhesabu mbele ya kuhukumu.

Nitoe mfano. Mama mumoja wa bonde la Ruzizi, mwenye mabwawa matatu, alikuwa amekopa pesa ya vifaranga mu likelemba la wamama wenzake. Kisha mwezi na nusu, samaki walionekana kupunguka, na zamu yake ya kulipa ilikuwa inakaribia. Kijana wake alishanunua sumu ya kutia ndani ya samaki aliyekufa, amuwekee fundi chuma kwenye ukingo. Mama akaniita, akaniambia: "Mtoto wangu, wewe ulisoma. Huyu ndege nimuue ao nimuache?" Nikamuomba: "Mama, unipatie siku tatu. Na ile sumu usiitie, hapa kuko bata na watoto wanacheza."

Siku tatu tulikaa pale, asubuhi toka saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na jioni, na daftari. Kila mara ndege anakamata kitu, tunaandika. Fundi chuma tuliona akikamata viluwiluwi na vyura mara mingi kuliko samaki. Ndege mwenye kukamata samaki kabisa alikuwa mwengine: yule mudogo mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kisha anaanguka kama jiwe, mdiria. Lakini hata mdiria hakufikia hasara ya mama. Siku ya tatu tulifuata mfereji wa kutokea maji. Wavu wa bomba ulikuwa umepasuka. Chini, mu mfereji, watoto wa jirani walikuwa wanakamata vifaranga vya tilapia na kikapu. Deni la likelemba lilikuwa linatoka kwa bomba, na kesi ilikuwa imewekwa kwa ndege.

Sisemi kila bwawa litakuwa vile. Kwako pengine ndege njo mwenye kosa. Lakini angalia kwanza, kisha fanya haya, ambayo hayaombi pesa mingi:

a) Kingo zisiwe za kulala sana. Tulisema miguu ya fundi chuma si mirefu. Anawinda fasi anaweza kusimama. Kama ukingo unashuka kwa nguvu, na maji fasi ndogo yanaanzia nusu metre, hana fasi ya kutembea.

b) Vifaranga visikae mu bwawa kubwa toka siku ya kwanza. Viweke mu bwawa dogo la kulelea, lenye kufunikwa na wavu, mpaka vikomae. Samaki aliyefika ukubwa wa kiganja, mdomo wa santimetre 8 haumuwezi tena.

c) Pitisha kamba juu ya bwawa la kulelea, huku na huku, karibu na maji. Kumbuka anajua kuchota akiwa anaruka; kamba zinamukatia njia, na mdiria vilevile.

d) Kata majani kwenye ukingo na ondoa mayai ya vyura, ile kamasi yenye vidoto vyeusi. Vyura wakipunguka, chakula cha samaki kinabaki kwa samaki, na ndege pia anapunguza kuja.

e) Angalia wavu wa bomba la kuingiza na la kutoa maji kila wiki. Kila wiki, wandugu, si siku ya kuvuna.

Na sumu, hapana. Sumu haisomi majina. Samaki mwenye sumu kwenye ukingo anaweza kuliwa na mbwa, na bata, ao kuokotwa na mtoto mwenye njaa.

8. KWENYE MPUNGA: ANATUAMBIA KITU

Kuko faida ingine ya fundi chuma ambayo haihesabiwi kwa franka. Chura ana ngozi laini. Kile kiko mu maji kinaingia mu mwili wake. Dawa ya kuua wadudu ikipigwa kupita kipimo, ao pompe ikisafishwa mu mfereji, viluwiluwi ni wa kwanza kufa. Na fundi chuma, mwenye kuwakula, ao anakosa chakula, ao anakula wenye sumu. Mfereji ambao zamani ulikuwa na fundi chuma kila asubuhi, na leo hauna hata mumoja, na muti wake bado umesimama, hebu tujiulize kilichobadilika ni nini. Kumbuka maji ya mfereji ule njo wamama wanafulia, na chini kuko wenye kuyakunywa.

Vilevile na vinamasi. Kule Walungu, Kabare na fasi zingine za Kivu, kinamasi kinakaushwa kwa kulima, sababu mashamba ya kilimani yamechoka na watu ni wengi. Sitasema watu wasilime. Njaa ni njaa. Lakini kuko tofauti kati ya kukausha yote na kuacha kipande chenye maji, ukanda wa matete kandokando ya mto, na miti mikubwa michache. Fundi chuma haombi hifadhi ya taifa. Kipande kile kinamutosha, na kipande kile kile njo kinapunguza mafuriko na kutunza maji wakati wa kiangazi kwa ajili ya shamba lenyewe.

KAZI KWA KILA MUMOJA

Kwa wanafunzi wanaotafuta kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo: hapa kuko uwanja, na hauombi labo ya bei kubwa. Chagua mabwawa matano, chukua saa, daftari, na kama unaweza kuazima, jumelle. Andika ni ndege gani anakuja, saa gani, anakamata nini, mara ngapi. Pima kina cha maji fasi anasimama. Linganisha bwawa lenye kingo za kulala na lile lenye kingo za kushuka. Ukifanya mwaka mzima, masika na kiangazi, utakuwa na kitu ambacho wafugaji wa samaki wa eneo lako wanakihitaji.

Na kwa wale tayari wako kazini: siku mwenye bwawa atakuita na manati mkononi, usianze na hotuba ya kulinda mazingira. Mutu aliyekopa pesa hasikii hotuba. Muombe siku tatu, kaa naye kwenye ukingo toka saa kumi na mbili, muandike pamoja. Kisha mbele ya kurudi nyumbani, mushuke pamoja mpaka kwenye bomba la kutokea maji, muangalie wavu.